DUKA LIPI NI RAHISI?

Leo tutazungumza juu ya duka. Kila nyumba hutuma mtu dukani. Hata mkulima mwenye shamba zuri la migomba hawezi kulima chumvi. Halimi sabuni. Halimi daftari la mtoto wala kiberiti.

Tufikirie kijiji kimoja cha Mabira, katika wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera. Zamani sehemu hii ilikuwa ndani ya wilaya ya Karagwe. Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ikaanza kujitegemea. Watu wa huko hula ndizi na maharage ya shamba lao. Fedha yao kubwa ni ya kahawa. Fedha hiyo huja mara moja kwa mwaka. Lakini chumvi na sabuni hutakiwa mwaka mzima.

Kwenye senta kuna maduka matatu. Yote yamepakwa rangi. Yote yana sukari, mafuta, sabuni na chumvi. Kila mwenye duka husema, "Karibu, kwangu ni rahisi."

Je, ni kweli? Duka lipi ni rahisi? Tutajuaje?

Wewe unajua kusoma. Unajua kuandika na kuhesabu. Basi chukua kalamu na karatasi. Twende dukani pamoja. Bei tutakazotaja hapa ni za mfano tu. Weka bei za senta yako, kisha hesabu mwenyewe.

BEI NA KIPIMO NI NDUGU

Watu wengi huuliza swali moja tu: "Sukari bei gani?" Swali hilo ni nusu. Nusu ya pili ni hii: "Kwa kipimo gani?"

Tuseme duka la kwanza linauza kilo moja ya sukari kwa shilingi 2,900. Mizani yake ni sahihi.

Duka la pili linauza "kilo" kwa shilingi 2,700. Watu hukimbilia huko. Lakini mizani ya duka hilo imeharibika. "Kilo" yake ni gramu 900 tu. Kilo kamili ni gramu 1,000. Basi tupige hesabu. Shilingi 2,700 kwa gramu 900 ni shilingi 3 kwa kila gramu. Kwa hiyo kilo kamili ni shilingi 3,000.

Umeona? Duka lililosema 2,700 ni ghali kuliko duka lililosema 2,900.

Duka la tatu halina mizani mezani. Linauza sukari katika vifuko vidogo. Kifuko kimoja ni gramu 100, bei yake shilingi 400. Mtu anaona shilingi 400 ni fedha ndogo. Lakini kilo moja ni vifuko 10. Mara 400, ni shilingi 4,000.

Tuseme nyumba moja inatumia kilo 2 kila mwezi. Kwa mwaka ni kilo 24. Duka la kwanza litachukua shilingi 69,600. Duka la tatu litachukua shilingi 96,000. Tofauti ni shilingi 26,400. Fedha hiyo ni madaftari ya watoto. Ni jembe. Ni dawa.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli. Lakini haba na haba pia huondoa kibaba.

Tunajua kwa nini watu hununua vifuko. Mfukoni kuna shilingi 500 tu. Mtu wa namna hiyo tusimcheke. Lakini majirani watatu au wanne wanaweza kuchanga. Wananunua kilo moja pamoja, kisha wanagawana nyumbani. Kila mmoja anapata sukari zaidi kwa fedha ileile.

MIZANI ISOME

Mizani si mali ya mwenye duka peke yake. Macho ya mnunuzi yana haki ya kuitazama.

Kabla ya kupima, mizani iwe tupu. Mshale uwe kwenye sifuri. Ikiwa ni mizani ya namba zinazowaka, namba ziwe sifuri. Ikiwa kuna bakuli au karatasi nzito juu yake, uliza. Bakuli halinywewi na chai. Usilipie bakuli.

Tena tazama kama mizani ina alama ya Wakala wa Vipimo. Wakala huu ni wa serikali. Ulianza kazi mwaka 2002. Wakaguzi wake hukagua mizani ya wafanyabiashara, na mizani iliyo sawa hupewa alama. Mizani isiyokaguliwa haifai kwa biashara.

Una shaka? Fanya jaribio hili. Chukua pakiti mbili za chumvi za nusu kilo zilizofungwa kiwandani. Ziweke juu ya mizani. Zikionyesha karibu kilo moja, mizani ni nzuri. Zikionyesha zaidi sana ya kilo, jihadhari. Mizani hiyo inaongeza uzito ambao haupo, nawe utaulipia.

Baadhi ya watu huona haya kuuliza. Wanaogopa kuambiwa ni wagomvi. Hebu sikiliza mazungumzo haya.

"Karibu mama. Nikupe nini?"

"Asante baba. Naomba sukari kilo moja. Lakini kwanza naomba nione mizani ikiwa tupu."

"Vipi mama, huniamini?"

"Nakuamini, baba. Natazama tu, kama wewe unavyotazama noti yangu kwenye mwanga."

Mwenye duka akacheka. Akaondoa bakuli. Akapima upya.

Mama huyo hakugombana na mtu. Aliomba haki yake kwa adabu. Mwenye duka mwaminifu hachukii jambo hilo. Anayechukia, ana sababu.

MAFUTA NA SABUNI

Mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikopo. Kila duka lina kikopo chake. Kimoja kina kitako kilichobonyezwa. Kingine ni chembamba. Hapo macho yanadanganyika. Tumia chupa.

Chukua chupa safi iliyoandikwa nusu lita. Nenda nayo dukani. Hesabu vikopo vinavyoijaza. Tuseme katika duka la kwanza vikopo 5 vinaijaza, na kila kikopo ni shilingi 500. Basi nusu lita ni shilingi 2,500. Katika duka la pili kikopo ni shilingi 450, lakini vinatakiwa vikopo 6. Basi nusu lita ni shilingi 2,700. Kikopo rahisi kimekuwa ghali.

Sasa sabuni. Mche mmoja unauzwa shilingi 3,500. Mche mwingine wa urefu uleule unauzwa shilingi 3,000. Ushike mkononi. Sabuni mbichi ina maji mengi. Ukiiweka nyumbani hunywea na kupinda. Ukifulia huisha upesi. Sabuni iliyokauka vizuri hudumu.

Andika siku ulipoanza kuitumia. Andika siku ilipokwisha. Tuseme mche wa shilingi 3,500 ulidumu siku 14. Gharama yake ni shilingi 250 kwa siku. Mche wa shilingi 3,000 ulidumu siku 10. Gharama yake ni shilingi 300 kwa siku. Basi sabuni rahisi ni ile ya shilingi 3,500.

Hii ndiyo maana ya ubora. Ubora si kupendeza kwa karatasi. Ubora ni kufanya kazi iliyokusudiwa, tena kwa siku nyingi.

CHUMVI NA TAREHE

Kuna vitu ambavyo ubora wake ni afya yenyewe. Cha kwanza ni chumvi.

Nunua chumvi yenye madini joto. Mwili ukikosa madini joto, shingo huvimba, yaani mtu hupata rovu. Mama mjamzito akiyakosa, mtoto tumboni anaweza kuharibika akili. Chumvi ya wazi, iliyomwagwa kwenye gunia lenye unyevu, haina uhakika. Soma pakiti. Tafuta maneno "madini joto". Nyumbani weka chumvi kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na moto na jua.

Cha pili ni tarehe. Vyakula vya pakiti na makopo vina tarehe mbili. Moja ni siku ya kutengenezwa. Nyingine ni siku ya mwisho wa kutumika. Mara nyingi siku ya mwisho huandikwa karibu na herufi EXP. Zikumbuke herufi hizo tatu. Tarehe ikiwa imepita, rudisha. Usikubali kuambiwa, "Bado ni nzima, nimekupunguzia." Punguzo la namna hiyo hulipwa zahanati.

Tena tazama alama ya TBS. Hilo ni Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Alama yake inaonyesha kwamba bidhaa imepimwa na kufikia kiwango kilichowekwa.

Mwisho tazama duka lenyewe. Je, mafuta ya taa yamekaa karibu na unga? Je, panya wametoboa magunia? Je, dawa ya mimea imewekwa rafu moja na biskuti? Duka la namna hiyo ni hatari, hata kama bei yake ni ndogo.

KWENDA MBALI

Baadhi ya watu husema, "Maduka ya hapa yanatupunja. Twende senta kubwa." Wengine hutaja Nkwenda. Wengine hutaja Murongo, kwenye mpaka wa Uganda. Ni kweli, penye maduka mengi bei huweza kushuka. Lakini usisahau nauli.

Tuseme huko mbali sukari ni shilingi 2,600. Nyumbani ni 2,900. Unaokoa shilingi 300 kwa kilo. Ukinunua kilo 2 unaokoa shilingi 600. Bodaboda ya kwenda na kurudi ni shilingi 5,000. Umepoteza shilingi 4,400, na siku ya kupalilia imepita.

Lakini nyumba 10 zikimtuma mtu mmoja, kila nyumba kilo 4, zitakuwa kilo 40. Hapo wanaokoa shilingi 12,000. Ukitoa nauli, inabaki shilingi 7,000. Kila nyumba imeokoa shilingi 700. Si fedha nyingi, lakini ni faida, si hasara.

Vilevile tusimwonee mwenye duka wa kijijini. Yeye pia hulipa nauli. Hata sukari ya Kagera Sugar, inayotengenezwa Missenyi katika mkoa huohuo wa Kagera, hupanda gari na kushuka gari kabla ya kufika Mabira. Mwenye duka anastahili faida ya haki. Tunachokataa si faida. Tunakataa kupunjwa.

TABIA YA MWENYE DUKA

Sasa tumefika kwenye jambo la tatu. Tumesema bei. Tumesema ubora. Jambo la tatu ni tabia.

Mtume mtoto wa miaka 8 dukani na fedha kamili. Je, anarudi na kipimo kilekile anachopata baba yake? Je, anarudi na chenji kamili? Duka linalompunja mtoto, litakupunja na wewe siku utakaposinzia.

Tazama tena tabia ya duka wakati wa shida. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini. Mvua kubwa zilizuia kazi ya kuvuna miwa. Sehemu nyingine kilo ilipita shilingi 4,000. Serikali ikatangaza bei kikomo. Wakati kama huo ndipo mtu hujulikana. Mmoja huficha sukari chumba cha nyuma, akangoja bei ipande. Mwingine humgawia kila mteja nusu kilo, ili wote wapate. Shida ikiisha, usimsahau huyo wa pili.

DUKA GHALI KULIKO YOTE

Ndugu msomaji, sasa tutaje duka lililo ghali kuliko yote. Duka hilo halidai hata senti moja siku unaponunua. Linasema, "Chukua tu mama. Utalipa kwa kahawa."

Mkoani Kagera watu wanalijua jambo hili. Huitwa butura. Mkulima huuza kahawa yake ingali maua, au ingali mbichi mtini. Hupokea fedha kidogo, au sukari, sabuni na nguo. Kahawa ikiiva, si yake tena.

Tupige hesabu. Tuseme mtu alichukua bidhaa za shilingi 60,000 katika miezi ya njaa. Wakakubaliana atalipa gunia moja la kahawa ya maganda. Gunia lina kilo 50. Msimu ukafika. Tuseme chama kinalipa shilingi 3,000 kwa kilo. Gunia lile ni shilingi 150,000. Toa 60,000. Mtu huyu amepoteza shilingi 90,000. Ile sukari aliyoinunua kwa shilingi 2,900, ameilipia shilingi 7,250 kwa kilo.

Hakuna mizani mbovu inayopunja kiasi hicho. Na mara nyingi makubaliano yalifanywa na baba peke yake. Mama na watoto waliopalilia na kuchuma wanaambiwa siku ya mavuno kwamba kahawa imekwisha kuliwa.

Serikali imekataza butura. Lakini katazo peke yake halijazi chungu. Mtu mwenye njaa atakopa. Basi tufanye nini?

Kwanza, tusilipe deni kwa kahawa. Deni la shilingi lilipwe kwa shilingi. Mwambie mwenye duka, "Niandikie nimechukua nini, bei gani, siku gani. Nitauza kahawa yangu chamani, kisha nitakulipa fedha." Mwenye duka mwema atakubali kwa mtu anayelipa.

Pili, deni liandikwe katika madaftari mawili. Moja la mwenye duka, moja lako. Wote mtie sahihi. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, tuweke akiba siku ya mavuno. Nunua chumvi na sabuni za miezi kadhaa siku fedha ipo. Vitu hivyo haviozi. Vikundi vya kuweka na kukopa kijijini navyo husaidia. Riba yake inajulikana, tena faida hurudi kwa wanachama.

Wahenga walituonya. Kukopa harusi, kulipa matanga.

WALIOFUNGUA DUKA LAO

Watu wengine duniani walipata shida hiihii. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, wafanyakazi walikuwa wakiuziwa unga uliochanganywa na uchafu. Walikopeshwa na maduka mpaka mshahara ukaisha kabla haujafika. Basi watu 28 walichanga, kila mtu paundi moja. Tarehe 21 Desemba 1844 walifungua duka lao dogo. Walianza na siagi, sukari, unga na mishumaa. Walikubaliana mambo haya: kipimo kamili, bidhaa safi, kulipa taslimu, na faida igawanywe kwa wanunuzi. Ushirika wa dunia nzima ulijifunza kwao.

Tanzania nayo ilijaribu. Mwaka 1976 ilifanyika Operesheni Maduka. Maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa, ili maduka ya kijiji yachukue nafasi. Lakini vijiji vingi havikuwa tayari. Havikuwa na bidhaa za kutosha wala watu waliojua hesabu za duka. Wananchi wakakosa hata chumvi. Operesheni hiyo ikasimamishwa.

Tunajifunza nini? Duka la wengi haliwi jema kwa sababu ni la wengi tu. Watu wa Rochdale walianza kidogo, kwa hiari, na daftari lao lilisomwa na wanachama. Duka lisilosomewa hesabu, liwe la mtu mmoja au la kijiji kizima, mwishowe humla mnunuzi.

FANYA HIVI

Siku ya soko ijayo, chora mistari kwenye daftari lako. Andika maduka matatu. Chini ya kila duka andika: bei ya kilo kamili ya sukari, bei ya nusu lita kamili ya mafuta, siku ambazo mche wa sabuni unadumu, chumvi ina madini joto au haina, tarehe zimepita au hazijapita, mtoto anahudumiwa sawa au hapana, mkopo unalipwa kwa shilingi au kwa kahawa.

Fanya hivyo miezi mitatu. Msomee mwenzako nyumbani. Wasomee wenzako darasani. Jirani asiyejua kusoma, msomee na yeye.

Wenye maduka watajua kwamba watu wanaandika. Duka jema litapata wateja. Duka baya litajirekebisha au litakaa na nzi wake. Kizuri chajiuza.

Kusoma si kwa kusoma barua na gazeti tu. Soma na mizani. Soma na daftari la deni kabla ya kuweka sahihi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Duka linauza "kilo" ya mchele kwa shilingi 2,400, lakini kipimo chake ni gramu 800. Kilo kamili ni shilingi ngapi?

2. Kwa nini sabuni ya bei ndogo inaweza kuwa ghali?

3. Je, kijijini kwenu kuna watu wanaolipa madeni ya duka kwa kahawa au mazao mengine? Wanapoteza kiasi gani? Wafanye nini?

4. Katika nyumba yenu, nani huamua kukopa? Je, wengine wanajua?